Kuandika wasifu wa marehemu bibi aliyekuwa mkulima

Msomaji wa wasifu mazishini huwa anapewa dakika tano hivi, kwa hiyo maneno 500 yanatosha. Anzeni kwa kuwauliza wazee: dada zake, mawifi, jirani wa shamba. Tarehe ya kuzaliwa isipojulikana, msibahatishe. Ulizeni alikuwa na umri gani wakati wa Uhuru wa Tanganyika, 1961, au mtoto yupi alikuwa mgongoni wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, 1974.

Ugonjwa upewe sentensi mbili tu. Wasifu mwingi huharibika hapo: hospitali inajaza ukurasa, na miaka 50 ya shambani inakosa nafasi. "Alikuwa mchapakazi" haimwonyeshi mtu. Andikeni alivyochagua mahindi makubwa ya mbegu, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya moto ili moshi uzuie wadudu, na wajukuu wakakatazwa kuigusa mbegu ile hata wakati wa njaa. Hapo kila aliyemjua atamwona.

Majina ya watoto yasomwe kwanza mbele ya ndugu wawili. Anayesahaulika mara nyingi ni aliyefariki mdogo, na mama yake hakumsahau kamwe. Chapeni wasifu kwenye karatasi kwa maandishi makubwa; simu huzima katikati ya kusoma.