Namna ya kuandika historia ya kijiji cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon

Ukitaka kuandika historia ya kijiji kidogo cha wakulima huko Bugisu, mashariki mwa Uganda, usianze na karatasi, kwa kuwa zilizopo ni chache. Anza na imbalu. Jando hili la Bamasaaba, yaani wenyeji wa Bugisu, hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na mwaka wa jando huitwa kwa jina la jambo lililotokea wakati huo. Kwa hiyo mzee asiyejua mwaka aliozaliwa aweza kukutajia bila kusita jina la mwaka aliotahiriwa pamoja na rika lake. Yaandike majina hayo, uyapange kwa msaada wa wazee wa marika mbalimbali, kisha uyalinganishe na matukio ambayo tarehe zake zinajulikana: kuundwa kwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954, uhuru mwaka 1962, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972.

Baada ya hapo tembea shambani pamoja na mzee, maana aliyeketi barazani husahau mengi ambayo mti wa mpaka, kaburi au mashine kuukuu ya kumenya kahawa ingemkumbusha. Mkikaribia msitu, uliza kwa upole. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1993, na suala la mpaka wake bado linawauma wengi. Andika maneno ya msemaji yalivyo, wala usijifanye hakimu. Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa habari za magendo: baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975, bei ya kahawa ilipanda sana duniani, na kahawa nyingi ya Uganda ikavushwa kwenda Kenya. Usitaje jina la aliyeibeba bila idhini yake au ya jamaa zake.

Kina mama wahojiwe peke yao, na wapewe muda wa kutosha. Kwa maoni yangu hapa ndipo historia nyingi za vijiji hupungukiwa, kwa sababu stakabadhi za ushirika aghalabu zilibeba majina ya wanaume, ilhali kazi kubwa ya kuchuma, kuosha na kuanika kahawa ilifanywa na wake zao. Waulize pia kuhusu malewa, yale machipukizi ya mwanzi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga: nani huyafuata mlimani, na huhifadhiwa vipi.

Rekodi mazungumzo kwa Lumasaaba, hata kama utaandika kwa Kiswahili, na uyaache maneno ya jando na ya shamba katika lugha yake, ukiyaeleza. Rasimu ikikamilika, omba mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aitishe kikao, uisome kwa sauti mbele ya wazee na kina mama. Wakibishana juu ya jambo, andika kauli zote mbili pamoja na ukoo wa kila msemaji. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine kwa mwenyekiti, mbali na unyevu na mchwa.