Kutengeneza Gemu Ukiwa Tanga: Zana za Bure na Pa Kujifunzia

Vijana wanaokuja kwangu hapa Ngamiani kujifunza kutengeneza gemu huja na orodha ndefu ya programu walizoambiwa wapakue. Nawaomba waiweke kando kwanza.

Hatua ya 1: Andika gemu yako kwenye karatasi

Sentensi mbili tatu zatosha. Mfano wetu: mchezaji yumo ndani ya Mapango ya Amboni, anakwepa popo, anatafuta pa kutokea. Chini yake orodhesha mahitaji: mtu, popo, ukuta wa mawe, sauti ya mbawa. Basi. Usipofanya hivi, bando litaishia kwenye vitu ambavyo hutavigusa.

Hatua ya 2: Pakua Godot

Injini hii, yaani programu ya kuundia gemu, ilianzia Argentina, na tangu 2014 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Hailipiwi wala haidai mgao wa mauzo yako. Haihitaji hata kusakinishwa, hivyo mmoja akipakua, wenzake wanaichukua kwa flashi. Kompyuta ikiwa ya zamani, chagua “Compatibility”, namna nyepesi ya kuchora picha, unapoanzisha mradi.

Hatua ya 3: Mwongozo kabla ya video

Video nyingi zinafundisha Godot 3, nawe unayo 4. Unatafuta KinematicBody2D, kipande cha mhusika anayesogea, huioni, kumbe siku hizi inaitwa CharacterBody2D. Mwongozo rasmi unapakuliwa mzima ukausome bila intaneti. Uko kwa Kiingereza, kwa hiyo someni wawili wawili. Fuateni somo la gemu ya kwanza ya 2D, la kukwepa maadui, mpaka mwisho. Kisha maadui wageuzeni popo.

Hatua ya 4: Picha, na leseni zake

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Picha kuonekana Google si ruhusa ya kuitumia. Anza na tovuti ya Kenney: picha zake ni CC0 (CC ni Creative Commons, leseni za kugawana kazi), yaani zitumie utakavyo, hata kuuza gemu. Tovuti ya OpenGameArt ina nyingi zaidi, ila kila kazi ina leseni yake. CC BY inataka umtaje mwenye kazi. CC BY-SA inataka hivyo pia, na ukiibadilisha kazi hiyo, uitoe kwa leseni ileile. Ukiona NC, yaani si kwa biashara, usiiweke kwenye gemu ya biashara. Fungua faili liitwalo leseni.txt, na kila unapopakua kitu andika papo hapo jina lake, mwenyewe, kiungo na leseni. Ukingoja gemu iishe, hutakumbuka popo yule alitoka wapi.

Hatua ya 5: Sauti

Freesound, tovuti ya sauti za bure, inataka ujisajili, na leseni zake nazo zisome moja moja. Lakini mawimbi ya Raskazone yarekodi mwenyewe kwa simu, ukate kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Kanga ikikung'utwa karibu na simu hutoa sauti ya mbawa za popo nzuri kabisa. Sauti fupi hifadhi kama WAV, muziki mrefu kama OGG, kisha ziburute hadi kwenye folda ya mradi.