Surua: uliza siku ya kufungua chupa kabla ya kupanda matatu

Kabla ya kumpeleka mtoto chanjo ya surua na rubela (miezi 9, kisha 18), pitia kliniki siku moja mapema uulize: "Surua mnafungua siku gani?" Kisha fika asubuhi ya siku hiyo na kitabu cha mama na mtoto. Sababu ni hii: chanjo hiyo huja ikiwa poda, mara nyingi dozi 10 kwa chupa moja, na ikishachanganywa na maji yake ni lazima imwagwe baada ya saa 6. Ndiyo maana kliniki nyingi hungoja watoto wakusanyike, na mama aliyetoka Kayole, Nairobi, akafika mchana huambiwa arudi kesho. BCG ya kifua kikuu nayo ni hivyohivyo.

Mbinu hii haisaidii ikiwa chanjo imeisha kituoni. Hapo usingoje mwezi: nenda kituo kingine cha serikali na kitabu chako, watakuhudumia. Na ukirudishwa kwa sababu watoto ni wachache, omba wafungue chupa hata kwa mmoja. Kupoteza dozi tisa ni nafuu kuliko mtoto kukosa. Mafua au joto dogo si sababu ya kuahirisha.

Tafadhali, ile ya miezi 18 msiiache. Dozi ya miezi 9 hukinga takriban watoto 85 kati ya 100, na virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani.