Udalali wa Viwanja Dar kwa Aliye Ughaibuni: Anza na Pasi Yako

Kila Desemba, ndege zikianza kushusha ndugu zetu wa ughaibuni pale Terminal 3, simu yangu haipumziki. Swali ni lilelile, linakuja kwa sura mbili. Wa kwanza anasema: "Mimi huku Marekani nina leseni ya kuuza nyumba. Nikirudi Dar si naanza kazi kesho yake?" Wa pili anasema: "Leseni sina, lakini Watanzania wenzangu huku wananiulizia viwanja vya Kigamboni kila wiki. Siwezi kuwauzia nikiwa hukuhuku?"

Wote wawili nawapenda, kwa sababu udalali wa jiji hili una njaa ya watu waaminifu. Lakini wote wawili nawarudisha nyuma hatua moja. Leseni ya kuuza nyumba ni ya pale ilipotolewa, haivuki bahari. Na kabla hata ya leseni, kuna suala la pasi.

Una pasi ya nchi gani?

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku ulipokula kiapo cha Marekani, Uingereza au Kanada, mbele ya sheria yetu uliacha kuwa raia, hata kama Kiswahili chako bado ni cha Buguruni na mama yako yupo Tandika. Wengi wanalijua hili kwenye kumiliki ardhi: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kinachowapita ni kwamba udalali wenyewe nao umefungwa.

Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara 15. Ndani ya orodha hiyo, pamoja na kutuma na kutoa pesa kwa simu, kutengeneza simu na kuongoza watalii, kuna uwakala na udalali wa biashara na wa nyumba na ardhi. Asiye raia akikamatwa anaifanya, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na kibali cha ukaazi vinaweza kufutwa. Na wewe unayepanga kuandikisha kila kitu kwa jina la mdogo wako wa Mbagala, fikiria tena: raia anayemsaidia asiye raia kuifanya biashara hiyo naye ana adhabu yake, faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Usimwingize mdogo wako kwenye matatizo kwa ajili ya kamisheni.

Hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine ni jambo jema, tumelisubiri miaka mingi. Lakini hadhi maalum sio uraia. Kabla hujakodi ofisi Sinza, peleka nyaraka zako kwa wakili, akuambie kwa maandishi unaruhusiwa nini.

Kama bado una pasi ya Tanzania, njia yako iko wazi na tutafika huko. Kama umeibadilisha, usikae ukajuta. Nafasi yako halali ipo hapohapo ulipo.

Leseni ya kule: mfano wa New York

Mimi nilikuwa naishi Bronx, kwa hiyo naongelea ninakokujua. New York wanamtaka muuzaji wa nyumba awe ametimiza miaka 18 na awe amemaliza kozi iliyoidhinishwa na jimbo. Enzi zangu ilikuwa saa 75. Tangu mwishoni mwa 2022 ni saa 77, na zile mbili zilizoongezwa zinahusu upendeleo uliojificha, yaani ule wa kumwonyesha mtu mtaa fulani na kumficha mtaa mwingine kwa sababu ya rangi yake au lafudhi yake. Kozi ina mtihani wake wa mwisho, halafu unakuja mtihani wa jimbo: maswali 75 ya kuchagua jibu, saa moja na nusu, na unatakiwa upate asilimia 70. Ada ya mtihani ni dola 15, ya leseni dola 65, na maombi yote yanafanyika mtandaoni kupitia eAccessNY, mfumo wa leseni wa jimbo.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana kufaulu hakukupi leseni. Lazima upate broka, yaani dalali wa ngazi ya juu mwenye leseni yake, akubali kukusimamia, na leseni yako inakaa chini yake. Kamisheni hulipwi na mteja. Mteja anamlipa broka, broka anakulipa wewe. Ukipokea hata dola mia mkononi kwa mwenye nyumba umevunja sheria. Kwa mtu aliyekulia Dar, ambako dalali anapokea chake palepale barazani, hili ndilo somo gumu kuliko yote. Mimi lilinichukua muda kulizoea, na leo ndilo ninalolishukuru zaidi.

Leseni inahuishwa kila baada ya miaka 2, na katikati unatakiwa usome saa 22 na nusu za kujiendeleza. Majimbo mengine yana mizani yake: Texas kozi ni saa 180, masomo sita ya saa 30 kila moja, halafu unachukuliwa alama za vidole. Uingereza ni tofauti kabisa, wakala wa nyumba hahitaji leseni ya serikali, ila lazima ajiunge na mpango wa kushughulikia malalamiko ya wateja na ajisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya kule, kwa ajili ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Kenya wana bodi ya usajili wa mawakala wa nyumba tangu miaka ya 1980.

Someni vizuri masharti ya kule mliko. Na mkimaliza, kumbukeni kwamba familia za Kitanzania, Kikenya na Kikongo zinazonunua nyumba yao ya kwanza ugenini zinahitaji sana mtu wa kuwafafanulia mkopo wa nyumba kwa Kiswahili. Hiyo ni kazi ya maisha, na ni halali kwa pasi yoyote inayokuruhusu kufanya kazi nchini humo.

Kuuza viwanja vya Dar ukiwa huko

Mmeyaona: sherehe ya Watanzania, ukumbi umejaa, pilau imeliwa, kisha mtu anasimama na ramani ya viwanja vya Kibada, "lipia kidogokidogo kwa miezi 24". New York ina sheria juu ya jambo hilo hasa. Ardhi iliyokatwa viwanja, hata ikiwa nje ya jimbo, haitangazwi kwa watu wa New York kwa mpango wa kulipa kwa awamu mpaka mwenye mradi awe ameisajili kwa Department of State ya jimbo, idara ileile inayotoa leseni za kuuza nyumba. Kuwa kwako na leseni ya kuuza nyumba hakufuti sharti hilo. Kwa hiyo kabla hujashika maikrofoni, muulize mwenye mradi: umesajili? Akianza kuzungukazunguka, kaa kwenye kiti chako umalizie pilau.

Kujisajili Dar, kwa mwenye uraia

Hapa Dar hakuna mtihani kama ule wa New York wa kumpa mtu leseni ya udalali wa nyumba. Ndiyo maana kila aliyekaa kijiweni na simu mbili anajiita dalali. Lakini kutokuwepo kwa mtihani hakumaanishi biashara haina karatasi. Unaanza na kitambulisho cha NIDA, unachukua TIN ya TRA, unasajili jina la biashara au kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, halafu unaomba leseni ya biashara kwenye halmashauri ilipo ofisi yako, iwe Jiji, Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. BRELA ni ya mtandaoni, na leseni ya halmashauri inaombwa kupitia mfumo wa Tausi. Watakutaka mkataba wa pango la ofisi na uthibitisho wa TRA kwamba hudaiwi kodi.

Ukiwa na muda, nenda kasome. Chuo Kikuu Ardhi, kiko jirani na Mlimani, wanafundisha usimamizi wa ardhi na uthamini. Na ukishasoma usijiite mthamini: wathamini wana sheria yao ya 2016 na bodi yao ya usajili. Dalali anatafuta na kukutanisha, mthamini anakadiria bei, wakili anaandika mkataba. Anayekuambia anafanya yote matatu peke yake, mkimbie.

Kuhusu pesa, nyumba ya kupanga mazoea ya jiji ni dalali kuchukua kodi ya mwezi mmoja. Kwenye mauzo utasikia asilimia 5 mpaka 10, na ni mapatano. Yaandikeni kabla ya kwenda kuona mali, mseme nani analipa, mnunuzi au muuzaji. Bei zitajwe kwa shilingi, hata Masaki na Oysterbay walikozoea dola, maana kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Fedha ya kununulia isipite kwenye akaunti yako hata siku moja. Itoke benki ya mnunuzi iende benki ya muuzaji mbele ya wakili. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawataja mawakala wa nyumba na ardhi kati ya wanaotakiwa kutoa taarifa za miamala ya mashaka, kwa hiyo mtu akikuletea milioni 200 kwenye begi, hilo nalo linakuhusu.

Karatasi na jiwe

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Mteja wako yuko maili elfu nane kutoka hapa. Macho yake ni wewe.

Muuzaji wa Dar atakuletea moja kati ya karatasi nne: hati miliki, ofa ya zamani (barua ya serikali ya kumgawia mtu kiwanja), leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa eneo lisilopangwa), au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Uzito wake haulingani. Hati ina namba ya kiwanja na kitalu, na inapekuliwa kwa Msajili wa Hati. Hapo utaona jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Ule muhuri wa mtaa unathibitisha tu kwamba watu fulani walikaa ofisini kwa mwenyekiti wakapeana fedha. Hauthibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Dai pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Deni la miaka kumi litamwangukia mteja wako.

Nyumba za zamani za Magomeni, Ilala na Kariakoo mara nyingi ni za urithi. Kaka mkubwa anauza, dada zake watatu hawana habari. Omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na kaa na warithi wote, hata kwa simu. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, omba ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi. Nimewahi kuona mauzo yakivunjika siku ya kusaini kwa sababu mke alikuja mlangoni akiwa na kanga mbili na mtoto mgongoni, akauliza, "Nyumba yangu inauzwa na nani?" Alikuwa na haki.

Angalia na ardhi yenyewe. Sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Hifadhi ya barabara nayo haina huruma: 2017 nyumba za Kimara kuelekea Kibaha zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na baadhi zilikuwa maghorofa ya watu waliodunduliza maisha yao yote.

Mwaka juzi dada mmoja, muuguzi aliyeko Minnesota, alinitumia picha ya kiwanja Madale. Picha safi, nyasi zimefyekwa, jiwe la kona limepakwa chokaa jeupe. Bei nzuri kuliko majirani. Alikuwa ameshaombwa alipe nusu kabla ya Ijumaa. Nikamwambia, nipe siku mbili.

Nikapanda bodaboda na mpima mmoja ninayemwamini. Jiwe lilikuwepo kweli. Nikalisukuma kwa ncha ya kiatu, likatikisika. Bikoni ya mpima huchimbiwa ardhini, ina namba, na namba hiyo ipo kwenye ramani ya upimaji. Hili lilikuwa kipande cha zege kilichokalishwa juu ya mchanga. Upande wa pili wa njia kulikuwa na mzee anapalilia mihogo. Nikamwamkia, akaitika, akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe ni wa nne mwezi huu."

Asubuhi yake ofisi ya ardhi ya halmashauri ilitupa jibu. Kwenye mchoro wa mipango miji, pale ni eneo la wazi, uwanja wa watoto wa mtaa mzima. Hapauziki, na muuzaji alijua.

Nilimpigia dada kwa video, nikamwonyesha jiwe likitikisika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama pale kuna watoto wanaocheza. Nikageuza kamera. Walikuwepo, goli lao ni ndala mbili.

Mpaka leo, mtu akiniletea kiwanja cha Madale, sianzi na hati. Naanza na yule mzee, na kilo mbili za sukari mkononi.