Namna ya kuwasha jeni za kinga uwanjani, kwa masale na kamba ya katani

Nafundisha baiolojia hapa Kiboriloni, Moshi, na somo hili nimelitoa darasani. Ubaoni kidato cha sita hukariri majina tu. Nje wanaliigiza.

Zungushia duara kubwa majani ya masale. Huku kwetu hakuna asiyejua kuwa masale ni mpaka, basi huo ndio utando wa seli, tuseme wa makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu. Ndani chora kiini kwa chokaa, katikati yake nyoosha kamba ya katani iwe DNA. Funga vitambaa vitatu kwenye kamba: jeni ya TNF, jeni ya interlukini-6 (zote mbili za protini zinazoamsha kinga), na ya tatu usiitaje kwanza.

Wanafunzi wawili walioshikana mikono, p50 na p65, ni NF-kappa B, protini inayowasha jeni (wanasayansi Sen na Baltimore waliieleza mwaka 1986). Wasimame nje ya kiini, I-kappa B, protini inayowazuia, akiwashikilia mashati. Huyu mchague mwenye kifua.

Mpakani mweke TLR4, kipokezi kinachotambua bakteria. Mwingine aje kutoka nje na kipande cha ukuta wa bakteria kama E. coli, amguse. Asivuke masale! Wengi hudhani bakteria huingia kuwasha jeni mwenyewe. TLR4 apitishe habari mkono kwa mkono mpaka kwa kimeng'enya IKK, ambaye atambandika I-kappa B alama mbili za fosfeti. Alama hizo peke yake hazimwangamizi: abandikwe kwanza ubikwitini, protini ndogo ya kumtia alama ya kuvunjwa, ndipo proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, imburute ikamvunjevunje. Wawili wale sasa wakimbilie kiini, washike vitambaa. Wakumbushe kwamba wote hao walikuwemo tayari ndani ya seli, ndiyo maana kazi huanza ndani ya dakika chache.

Kitambaa cha tatu kifunue sasa: ni jeni ya I-kappa B alfa. Waliomkimbia ndio wanaoagiza atengenezwe upya! Mwanafunzi mpya atokee, aingie kiini, awavute NF-kappa B kutoka kwenye kamba, awarudishe nje. Mimi hapa ndipo napachelewesha kwa makusudi, maana vitabu vingi hupita haraka.

Rudieni mchezo bila huyo wa pili. Waache wawili wale wang'ang'anie kamba mpaka walalamike, kisha waeleze kuwa panya wa maabara wasio na jeni hiyo hufa kwa uvimbe wa kinga iliyozidi (inflamesheni) siku chache tu baada ya kuzaliwa. Halafu gawa daftari, wachore njia yote bila kufungua kitabu.