Ufunguo tuushike wenyewe: kusimba data ya wakulima kwenye BigQuery

Tulikuwa kwenye kituo cha kununulia kahawa juu ya Budadiri, mizani ikisomwa, mama mmoja akaniuliza: "Mwanangu, hiyo namba ya kitambulisho unayoniandikia kila msimu, inalala wapi?" Nikamjibu, "Iko salama, mama." Niliporudi Mbale jioni ile, jibu langu halikuniridhisha.

Ninatunza ghala la data la ushirika wetu. Humo mna kilo za kahawa, malipo, namba za simu za kupokelea pesa, na NIN za wanachama, yaani namba za vitambulisho vya taifa. NIN si namba tupu: mwanzo wake peke yake unakuambia kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, na amezaliwa mwaka gani. Ghala letu liko BigQuery, huduma ya Google ya kuhifadhi na kuchambua data, kanda ya africa-south1, yaani Johannesburg.

Kwanza ujue unachopewa bila kuomba. BigQuery husimba data yote iliyohifadhiwa, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, kwa njia madhubuti iitwayo AES-256, hata usipogusa chochote. Mwizi akichomoa diski kule Johannesburg ataambulia takataka. Ila funguo zinatunzwa na Google wenyewe. Ukitaka siku moja uweze kuufunga mlango kwa mkono wako, unatengeneza ufunguo wako ndani ya Cloud KMS, huduma ya Google ya kutunzia funguo, kisha unaiambia BigQuery iutumie huo.

Tengeneza mradi wa pili kwa ajili ya funguo peke yake. Wetu tuuite funguo-ushirika, na ule wa data tuuite data-ushirika. Anayesimamia data asiwe ndiye anayesimamia funguo. Kwetu funguo ziko mikononi mwa mhasibu mkuu, na mimi mwenyewe sina ruhusa ya kuzifuta. Hili nalishikilia kuliko hatua nyingine zote.

Kanda ya ufunguo lazima ilingane na kanda ya data, na ukishautengeneza huwezi kuuhamisha. Ghala likiwa africa-south1, ufunguo nao uwe africa-south1. Data ikiwa kwenye kanda pana ya EU, upande wa KMS inaitwa europe. Majina hayafanani, na watu hukwama hapo. Weka pia ufunguo ujizungushe, yaani utoe toleo jipya, kila baada ya siku 90.

Sasa BigQuery ipewe ruhusa ya kuutumia. Ina akaunti yake ya huduma, yaani akaunti inayotumiwa na mfumo na si mtu, ambayo unaipata hivi kwa bq, chombo cha amri cha BigQuery:

bq show --encryption_service_account --project_id=data-ushirika

Akaunti hiyo ipe jukumu la roles/cloudkms.cryptoKeyEncrypterDecrypter juu ya ufunguo huo mmoja, si juu ya mradi mzima. Kisha ufanye uwe ufunguo chaguo-msingi wa mkusanyo wako wa majedwali (hapa ufunguo ni wakulima, umo kwenye kundi la funguo liitwalo ghala, na mkusanyo ni msimu):

bq update --default_kms_key projects/funguo-ushirika/locations/africa-south1/keyRings/ghala/cryptoKeys/wakulima data-ushirika:msimu

Hapa ndipo nilipoteleza. Niliendesha amri hiyo, nikaona imekubali, nikawaambia viongozi kwamba kazi imekwisha. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nikikagua jedwali la malipo la zamani, nikakuta halina jina la ufunguo wetu popote. Amri ile inahusu majedwali yatakayozaliwa baadaye tu. Yaliyokuwapo hubaki kama yalivyokuwa, na NIN zote za misimu iliyopita zilikuwa humo. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeshatoa neno langu.

Kila jedwali la zamani lazima lijinakili juu yake lenyewe kwa ufunguo mpya: bq cp -f pamoja na --destination_kms_key, chanzo na mwisho vikiwa jedwali lilelile. Baada ya hapo pitia moja moja kwa bq show --format=prettyjson, utafute kmsKeyName. Usipoiona, jedwali hilo bado.

Kuzungusha ufunguo nako kuna jambo hilohilo. Toleo jipya likitoka, jedwali la zamani huendelea na toleo lake la zamani. Kwa hiyo usifute toleo la zamani kwa kudhani halina kazi. Ukiagiza lifutwe, kwa kawaida una siku 30 za kujirudi. Zikipita, data iliyosimbwa nalo imekwenda, na hakuna wa kuirudisha.

Jaribu kwa macho yako. Tengeneza jedwali dogo la majaribio kwa ufunguo wa majaribio, zima toleo la ufunguo huo, subiri kidogo, kisha uliza swali la SQL. Likikataliwa, ujue ufunguo unafanya kazi. Kisha toleo hilo uliwashe tena.

Lakini yote haya hayamzuii karani mwenye ruhusa ya kusoma jedwali. Yeye anaona NIN wazi, maana BigQuery inamsimbulia. Kwa hiyo safu ya NIN tuliisimba peke yake kwa DETERMINISTIC_ENCRYPT: NIN ileile hutoa maandishi yaleyale yaliyosimbwa, hivyo bado tunaweza kuunganisha majedwali bila mtu kuiona. Seti ya funguo zake nayo imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya KMS.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatudai tuilinde data hii hata ikikaa nje ya Uganda, na ikivuja tuiarifu mara moja ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Nilipoisoma tena niliwaza faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, ambazo makarani walikuwa wakizipakua kwenye kompyuta zao, wakipanda nazo teksi hadi Sironko. Faili ikishatoka ghalani, ufunguo wetu hauko nayo tena. Tumefunga ruhusa ya kupakua. Ripoti sasa zinasomwa kwenye kivinjari, na kompyuta za vituoni tunazisimba diski moja baada ya nyingine. Zimebaki nne.