Umeachiwa vitabu vya zamani na hakuna anayevisoma? Anzia hapa

Vyombo vikishagawanywa, nguo zikishatoka, kuna kitu kimoja cha marehemu ambacho huwa kinabaki palepale na kila mtu anakizunguka tu, nacho ni vitabu. Hakuna anayevitaka ila hakuna pia anayethubutu kusema vitolewe, maana ukikishika tu unamwona mzee na miwani yake. Basi vinaingia kwenye maboksi, maboksi yanasukumwa chini ya kitanda, na miaka inakatika mpaka siku mtu anafungua anakuta matundu na vumbi.

Mimi nimepitia hayo na vitabu vya babu, kwa hiyo ntaeleza nilivyofanya pamoja na pale nilipoharibu.

Wengi wanaanza na swali la "hivi vina hela?" na ndo maana wanakwama. Anza na hili: kitabu hiki kinapatikana kwingine au kipo kwetu tu? Kamusi ya zamani iliyochapwa kwa maelfu iko kwenye maktaba na kwenye nyumba za watu kibao, ukiitoa hujapoteza chochote. Kamusi hiyohiyo ikiwa na mwandiko wa bibi pembeni ya maneno, hiyo dunia nzima iko moja, na iko mkononi mwako.

Sasa hilo huwezi kulijua kwa kuangalia jalada. Lazima ukae chini ufungue kimoja kimoja, ndani ya jalada la mbele, ndani ya jalada la nyuma, halafu unapitisha kurasa taratibu. Usikigeuze kichwa chini ukakikung'uta, karatasi za zamani zinaachia. Utakuta barua, picha, risiti, hati, hata noti iliyokunjwa mara nne. Mimi boksi la kwanza niligawa bila kufungua kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka chumba, miezi baadae shangazi akaniuliza kile kitabu ambacho babu aliandika nyuma yake tarehe za kuzaliwa za watoto wake wote kiko wapi. Sikuwa na jibu, na hakijapatikana mpaka leo. Maboksi yaliyobaki nikayapitia ukurasa kwa ukurasa, na kwenye kitabu kimoja cha hesabu kilichochanika mgongo nikakuta ukurasa wa mwisho kwa penseli, herufi ndogo kweli, ameorodhesha watu aliokopa kwao na kila aliyemlipa amemkata kwa mstari mmoja ulionyooka, jina moja tu halijakatwa.

Kwa hiyo kila penye mwandiko piga picha kwa simu, hata kama kitabu chenyewe unakitoa. Na usifute chochote cha penseli eti unasafisha.

Wakati unafungua utakutana na vilivyoumwa. Chenye harufu ya uvundo na madoa ya kuvu kitenge na wenzake haraka, kitoe nje, vaa barakoa, kiache kivulini penye upepo mpaka kikauke kabisa ndo ukipanguse kwa brashi laini kavu. Kitambaa kibichi hapana, unasugua kuvu kuingia ndani zaidi, na jua kali linapausha wino na kukunja jalada. Chenye wadudu kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi -20 kwa wiki 2, na ukikitoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe kabisa na kirudi joto la chumba, kesho yake hivi, la sivyo unyevu wa hewa unatua kwenye karatasi yenyewe.

Kuna jambo moja watu wengi hawalijui na ni la afya kabisa. Vitabu vya miaka ya 1800 vyenye jalada la kitambaa cha kijani kilichokolea, baadhi yake rangi ile ilitengenezwa na aseniki, ambayo ni sumu. Makumbusho ya Winterthur kule Delaware, Marekani, yana mradi wa kuvitambua vitabu vya aina hiyo tangu 2019. Ukikuta kinachofanana usikipangusepanguse, usimpe mtoto, kitie kwenye mfuko ufunge na unawe mikono.

Haya, sasa hela. Uzee wa kitabu peke yake haukipi bei. Kuanzia katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zilianza kutengenezwa kwa miti badala ya matambara ya pamba na kitani, ndo maana kitabu cha miaka 80 kinaweza kuwa cha njano na kinavunjikavunjika wakati cha miaka 300 kurasa zake bado ngumu. Seti za ensaiklopidia ndo zinavunja watu moyo zaidi kwa sababu mzee alizinunua kwa kujinyima, lakini Britannica wenyewe, wenye ensaiklopidia maarufu, waliacha kuichapa kwenye karatasi mwaka 2012 na wanunuzi wa seti za zamani ni wachache mno. Kinachopandisha bei ni toleo la kwanza la kitabu kinachotafutwa, kava lake la karatasi linalovishwa juu ya jalada kuwepo, sahihi ya mwandishi, ramani na michoro iliyokamilika, au kitabu kilichochapwa nakala chache. Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, usiitegemee, ilianza kutumika 1970, kwa vya zamani tafuta kwa jina, mchapishaji na mwaka. Na mtandaoni angalia bei ambayo kitabu kiliuzwa kweli, bei ya kuombwa mtu yeyote anaweza kuandika anachotaka. Akija mnunuzi akakuambia nachukua vyote nakusaidia kupunguza mzigo, huku jicho haliachi kimoja, simamisha biashara utafute mtu wa pili akiangalie. Na hata kama kimechanika, selotepu isiguse kitabu, gundi yake inaacha doa la kahawia lisilotoka.

Kwenye kutoa, uliza kabla hujabeba. Maktaba nyingi hazina nafasi na ukiwamwagia maboksi mlangoni umewahamishia mzigo wako tu, watumie orodha na picha wachague. Vitabu vya udaktari, sheria na kompyuta vya zamani usipeleke shuleni kwa moyo mwema, dozi ya dawa iliyopitwa na wakati inaweza kumdhuru mtu. Misahafu na Biblia waulize wenye dini yao, watakuelekeza namna ya kuviaga kwa heshima.

Ukitaka kuskani, angalia kwanza kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, kama hakijaskaniwa tayari. Kumbuka pia kurithi karatasi sio kurithi hakimiliki, nchi nyingi zinalinda kazi mpaka miaka 50 au 70 baada ya mwandishi kufariki, kwa hiyo usisambaze kwenye magrupu hivihivi. Lakini kama mwandishi ni marehemu wenu mwenyewe mambo yanageuka, haki zake kwa kawaida zinawafuata warithi, na madaftari yake ambayo hayajachapwa ndo ya kulinda kuliko vyote.

Na vingine vitupwe jamani. Kitabu kilichooza, ambacho nakala zake zimejaa, hakina alama ya mtu wenu ndani, kitoe jalada gumu karatasi ziende kwenye kurejelezwa, chenye kuvu kisichanganywe na vingine. Hujamtupa mzee.

Ndugu nao wape siku ya mwisho. Tuma picha za migongo ya vitabu kwenye grupu la familia, kila mtu ataje anachotaka, na baada ya wiki mbili kisichotajwa kinaondoka. Vinavyobaki vitoshe rafu moja, visimame wima bila kubanana, mbali na sakafu na ukuta unaopata unyevu, na ukichukua kimoja kishike katikati ya mgongo, usikivute kwa juu.

Kile kitabu cha hesabu kipo kwa shangazi sasa, ndani ya bahasha ya karatasi. Lile jina ambalo halikukatwa bado tunawauliza wazee kama wanamfahamu mwenyewe au watoto wake, ili tukalipe.